Asali ya wazimu haitibu presha

"Kijiko kimoja tu asubuhi, dokta, na presha inakaa sawa." Sentensi hiyo nimeisikia kwenye kaunta ya duka langu la dawa mara nyingi mno, siku hizi mteja akianza naimalizia mimi. Wanaoisema karibu wote wana ndugu au mtoto anayefuata mzigo Istanbul, na ndani ya marobota ya nguo huja kikopo cha asali nyekundu inayokwaruza koo. Waturuki wenyewe wanaiita deli bal, asali ya wazimu. Ungedhani jina hilo lingemshtua mtu. Wapi!

Mzee aliyenimaliza uvumilivu alikuja na mashine yake ya kupimia presha, ile ya kufunga mkononi, anionyeshe namba: 92 kwa 54. Alikuwa anatabasamu. Paji la uso limelowa jasho jembamba, na kila mara anameza mate. Nikamkalisha, nikamshika mshipa nikahesabu dakika nzima. Nasema dakika nzima, si sekunde 15 halafu ukazidisha kwa nne. Moyo unaosuasua hauhesabiwi kwa mkato. Mapigo 44. Na kila siku anameza atenolol, dawa ya presha.

"Mzee wangu, leo umekula nini?"

"Asali tu, mwanangu."

Basi tuanze na hiyo, "asali tu". Kushuka, presha kweli inashuka, sikatai. Ila inashuka kwa sababu mwili umewekewa sumu. Milimani kando ya Bahari Nyeusi, upande wa Trabzon, Rize na Artvin, kunaota vichaka vya rododendroni, vingine vya maua ya zambarau, vingine ya manjano. Mbochi wake una sumu iitwayo grayanotoksini. Neva hufanya kazi kwa kufungua na kufunga milango midogo inayopitisha sodiamu. Sumu hii inaikamata milango ikiwa wazi na kuizuia isifunge. Neva ya vagasi, ambayo kazi yake mojawapo ni kuutuliza moyo, inabaki inapiga kelele ileile bila kunyamaza: punguza, punguza, punguza. Mapigo yanaanguka hadi 40, pengine chini ya hapo, presha inafuata, mate yanajaa, kichefuchefu, macho yanaingia giza, mtu chini. Wengine umeme wa moyo unakwama njiani kabisa, vyumba vya juu na vya chini vikawa kila kimoja na mdundo wake.

Sasa linganisha na kidonge. Kidonge kina miligramu zinazojulikana, leo na kesho zilezile. Kikopo cha asali hakina kipimo cha sumu: msimu huu vichaka vilichanua sana, msimu ujao mvua iliharibu maua, mzinga wa jirani ulipata maua mengine. Wagonjwa walioripotiwa Uturuki wengi walikula kati ya gramu 5 na 30 hivi, na kijiko kikubwa cha chakula hubeba kama gramu 20. Kwa hiyo kijiko kilichokupita salama Januari kinaweza kukulaza Machi. Na ikiisha nguvu, kwa kawaida ndani ya siku moja, presha inarudi palepale ilipokuwa. Mafigo na mishipa ya kichwa haikupata nafuu yoyote. Umepata namba nzuri kwenye kioo cha mashine, basi.

Ukichanganya na atenolol, bisoprolol, verapamil, diltiazem au digoksini, ambazo nazo zinapunguza kasi ya moyo, hapo umewaita watu wawili kukanyaga breki moja. Yule mzee alipelekwa hospitali na bajaji, mwanawe kamshikilia ubavuni. Huko dawa ni dripu ya chumvi na sindano ya atropini ya kuinyamazisha vagasi, na wengi hurudi nyumbani kesho yake. Waliochelewa, au wenye moyo mchovu tangu awali, huwekewa kifaa cha muda cha kuusukuma moyo upige.

Kijana mmoja aliniambia yeye haitaki kwa presha, anataka stimu. Video zinamwonyesha wawindaji wa asali kama hii, wa kabila la Wagurung huko Nepal, wakining'inia kwenye ngazi za kamba ukutani mwa genge, wakirina sega za nyuki wakubwa kuliko nyuki wote wa asali duniani. Ujasiri wao naukubali. Lakini hicho anachokiita stimu ni ubongo kukosa damu ya kutosha. Mwaka 401 kabla ya Kristo askari wa Kigiriki waliokuwa na Xenophon, kamanda na mwandishi wao, waliila karibu na Trabzon ya leo; waliokula kidogo walipepesuka kama walevi, waliokula sana walikuwa kama vichaa, wakalala chini kwa wingi utadhani wameshindwa vita. Miaka zaidi ya 300 baadaye wenyeji wa milima hiyohiyo waliitegesha njiani, vikosi vya Pompey, jemadari wa Kirumi, vikaila, na askari wakachinjwa wakiwa hoi. Kama ni starehe, ni ya ajabu.

Wengine huila wakitafuta nguvu za kiume. Hata Uturuki wanaofikishwa hospitali kwa asali hii wengi ni wanaume wa makamo, na madaktari wa huko wanajua kwa nini waliila. Presha ya 80 haimsaidii mwanamume kitu. Akiongeza na sildenafil, ile dawa ya nguvu za kiume, nayo inashusha presha.

Wapo wanaosema nyuki wake ni wa sumu: hapana, Uturuki ni nyuki wa asali wa kawaida, tatizo ni ua. Kuchemsha nyumbani hakukupi uhakika wowote. Kuwasha njiti ya kiberiti iliyochovywa asalini, au kudondosha tone kwenye maji, hakupimi sumu hata chembe (na hata kwa kutambua asali feki sikuamini sana). Na tafadhali msiniletee asali ya Tabora kwa hofu eti ni nyeusi. Hiyo ni ya miombo, kuleni. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja tu ndiye asipewe asali yoyote, kwa sababu nyingine kabisa.

Aliyekwisha kula akaanza kuona kizunguzungu alazwe chali, miguu iinuliwe juu ya mto, asipewe maziwa wala asilazimishwe kutapika, na asiachwe aende msalani peke yake maana huko ndiko wanakoangukia. Kisha hospitali, na dawa zake zote kwenye mfuko mmoja. Kikopo nacho kiende.