Uchumi ukue kwanza? Tazama leja ya wadai

Juzi tena, katika kikao cha wenye hoteli na wafanyabiashara hapa Mjini, Zanzibar, mwekezaji mmoja alisimama akasema maneno niliyoyasikia mpaka nimechoka: uchumi ukue kwanza, mgawo utafuata wenyewe. Wengi wakaitikia kwa vichwa. Mimi ni mhasibu. Nafunga hesabu za hoteli za pwani ya mashariki, na nafunga pia za watu wanaoziuzia hoteli hizo samaki, mboga na mayai. Kwa kuwa naziona leja, yaani vitabu vya hesabu, za pande zote mbili, maneno yale siyakubali hata kidogo. Mgawo haufuati ukuaji. Umeshaandikwa kwenye mkataba siku ya kusainiana, kabla mgeni wa kwanza hajafika.

Wageni walioingia Zanzibar walikuwa 638,498 mwaka 2023, na 736,755 mwaka 2024. Sisi wenyewe, kwa sensa ya 2022, tulikuwa 1,889,773. Ni ongezeko kubwa na limeleta ajira, hilo silipingi. Lakini hesabu ya wageni inakwambia ni watu wangapi walioshuka, haikwambii fedha zao zimeshukia wapi. Mgeni aliyelipia kila kitu kwa wakala wa Ulaya ameshaacha sehemu ya fedha zake kule kabla ya kufunga begi.

Pato la Ndani nalo watu hulitaja kama kwamba ni mshahara wa kila kaya. Silo. Linahesabu kilichozalishwa ndani ya mipaka, awe mwenye nacho anaishi Michenzani hapa Mjini au Milan kule Italia. Faida inayopelekwa kwa mwenye hoteli aliyeko nje imo ndani yake. Tena, boti ya hoteli ikichakaa mimi hukata uchakavu kila mwaka, na mkaguzi hanikubalii hesabu nisipokata. Mwamba wa matumbawe ukivunjwa kwa nanga, hakuna anayekata chochote kwenye hesabu za nchi. Na kisima cha kijiji kikiingia chumvi, watu wakaanza kununua maji ya boza, Pato la Ndani linapanda, kwani maji ya kisima yalikuwa bure na ya boza yana bei. Simon Kuznets, mchumi aliyezipanga hesabu za pato la Marekani, aliwaonya maseneta wao tangu mwaka 1934 kwamba ustawi wa watu hauwezi kupimwa kwa pato hilo. Kwa hiyo tusiambiane kwamba ni fikra mpya.

Hayo yote, hata hivyo, viongozi wa biashara wa siku hizi wanayakubali vikaoni. Wanasema uendelevu, wanasema uchumi wa buluu, wanapanda mikoko na kupiga picha. Ninalotaka waliangalie limo ndani ya vitabu vyao wenyewe, nalo ni siku za malipo.

Chukua mama anayelima mboga na kuipelekea hoteli mzigo wa shilingi 400,000 kila wiki. Mkataba unasema atalipwa baada ya siku 60. Mpaka malipo ya kwanza yaingie, ameshatoa mboga za zaidi ya milioni tatu na laki nne. Fedha hizo ni mkopo. Mkulima asiye na dhamana ya benki ameikopesha hoteli yenye bwawa la kuogelea, bila riba, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba anakopesha. Mbegu za msimu unaofuata atazinunua kwa nini? Atakopa kikobani, na huko riba ipo.

Sasa anakuja dalali na fedha mkononi. Hoteli imeahidi 4,000 kwa kilo baada ya miezi miwili, dalali anatoa 3,000 saa hii hii. Mama anampa dalali, na yeyote mwenye watoto skuli angefanya hivyo. Kesho yake gari la hoteli linakuja shamba halikuti kitu. Meneja anaandika kwenye ripoti kwamba wakulima wa hapa hawaaminiki, na nyanya zinaagizwa kutoka Bara. Ripoti hiyo ninaiona mimi. Ninaona pia, kwenye leja ya upande wa pili, ankara ambazo hazijalipwa tangu msimu wa nyuma. Wale wanaosema kisiwa hakina uwezo wa kulisha hoteli zake wangeziweka karatasi hizo mbili pamoja kabla ya kufungua mdomo.

Najua ninayojibiwa. Kwanza, kwamba hoteli nayo inalipwa na wakala kwa kuchelewa. Ni kweli. Lakini hoteli ina benki, na mama hana. Aliye na mgongo mpana ndiye abebe ucheleweshaji. Pili, kwamba mkulima mdogo hana risiti ya kielektroniki, na matumizi bila risiti yanamletea mhasibu shida. Nayo ni kweli, na mhasibu mwenyewe ndiye mimi. Dawa yake ni wakulima kuuza kupitia ushirika wao uliosajiliwa. Lakini ushirika ukiunganisha ankara ishirini na zote zikakaa siku 60, tumewakusanya wadogo wangoje pahala pamoja.

Huko nje nako kauli hazijakosekana. Agosti 2019 wakuu 181 wa makampuni makubwa ya Marekani, kupitia umoja wao wa Business Roundtable, walitia saini kwamba kampuni ipo kwa ajili ya wafanyakazi, wauzaji na jamii pia, si wenye hisa peke yao. Ufaransa, wenye hisa wa kampuni ya vyakula ya Danone walipitisha mwaka 2020 kwamba kampuni yao iwe na dhamira ya kijamii na mazingira ndani ya katiba yake. Machi 2021 mkuu wao, Emmanuel Faber, aliyeisukuma hatua hiyo, akaondolewa baada ya shinikizo la wawekezaji waliotaka faida bora. Kwa hiyo mkuu wa kampuni mwenye nia njema, peke yake, hanitoshi. Nataka nia hiyo iwe kwenye mkataba ambao mrithi wake hawezi kuuchana.

Kuna la kujifunza jirani yetu. Kisiwa cha Chumbe, kusini ya Mji, mwamba wake ulitangazwa hifadhi mwaka 1994. Wana vibanda saba tu vya wageni, wanakinga maji ya mvua, na fedha za wageni ndizo zinazoendesha hifadhi na ziara za masomo za wanafunzi wa skuli. Biashara ile ilijichagulia ukubwa wake. Wengine wakiitazama husema: basi dawa ni wageni wachache wanaolipa zaidi. Hapo ndipo ninaposita. Mgeni wa gharama kubwa ana bwawa lake, bustani yake na shuka za kufuliwa kila siku. Kwa maji, anaweza kukila kisiwa kuliko wageni watatu wa nyumba ya kawaida. Chumbe imefanikiwa kwa sababu ya kinga za mvua na idadi ya vibanda, si kwa sababu ya bei. Na vibanda saba haviajiri kijiji kizima. Sijapata jibu linalonitosheleza hapo.

Pemba, kwenye vijiji kama Kisiwa Panza, wavuvi hufunga sehemu ya mwamba wa pweza kwa muda, pweza wakue, kisha wakafungua. Huko ndiko nilikoona watu wakijadili ukuaji kwa akili kuliko katika kumbi zenye viyoyozi. Lakini siku ya kufungua pweza hutoka wengi kwa mpigo, na mnunuzi asipofungwa kwa bei mapema, faida ya kungoja inaishia kwake. Wanawake wanaochokoa pweza kwa miguu maji yakitoka hawawezi kushindana na mwenye chombo na miwani ya kuzamia. Hata pale, mgawo unataka kuamuliwa kabla mwamba haujafunguliwa.

Ninalopendekeza ni muuzaji mdogo alipwe ndani ya siku 14 badala ya 60. Shaka yangu kubwa ni masika. Aprili na Mei hoteli nyingi hazina wageni, na hoteli ndogo ya mwenyeji haiwezi kulipa ndani ya siku 14 wakati vyumba vitupu. Nikiilazimisha, nitaiua hiyo ndogo kwanza na kuiacha ile kubwa. Pengine hoteli kubwa ziwe na siku 14 mwaka mzima, ndogo zipewe nafuu masika pekee, lakini nafuu ina tabia ya kurefuka.

Kama una hoteli, fanya hili kabla ya kikao kijacho. Mwambie mhasibu wako akutolee leja ya wadai, yaani orodha ya wanaoidai hoteli yako, aipange kwa tarehe, ankara kongwe juu. Weka alama kwenye kila jina la mtu binafsi na kila ushirika. Walipe hao wiki hii. Kisha umpigie yule aliyeacha kuleta mboga, umuulize kwa siku ngapi za malipo angerudi, na jibu lake uliandike kwenye mkataba.