Atonali sio kubonyeza ovyo

Kila nikiwapigia wanafunzi wangu muziki wa atonali lazima mmoja aseme "huyu mbona anabonyeza ovyo tu", linaniuma kwakweli, maana atonali sio kukosea nota wala sio piano iliyopoteza tyuni.

Mlioimba kwaya kwa solfa mnajua, ukishapewa do basi kila sauti ina kazi yake, ti inakuvuta urudi do, so inaiandalia do njia, na wimbo ukiishia kwenye re unabaki unasubiri. Kwenye atonali hiyo do haipo. Nota zote 12 za kinanda, nyeupe kwa nyeusi, hakuna iliyo kubwa kwa mwenzake.

Na haikuzuka ghafla. Mtunzi Mjerumani Richard Wagner kwenye opera yake Tristan und Isolde (1865) alishaanza kuchelewesha ule utulivu wa kufika kwenye do, unasubiri weee, waliomfuata wakazidi kuuchelewesha, mpaka Arnold Schoenberg kule Vienna, 1908 na 1909 hivi, akaanza kuachana nao kabisa.

Sasa do ikiondoka nini kinashikilia wimbo usisambaratike? Hapa ndo patamu. Chukua kipande cha kwanza cha Opus 11 (yaani kazi namba 11) ya Schoenberg (1909), ni piano peke yake, mkono wa kulia unaanza na B, unashuka G-shapu, halafu G. Yaani unaruka nusu toni tatu (nusu toni ni hatua moja hadi nota ya jirani kwenye kinanda) kisha nusu toni moja, basi. Rudia kusikiliza uone umbo hilo linavyorudi, mara limeanzia nota nyingine, mara limepinduliwa, mara nota zote tatu zimepigwa kwa pamoja, sikio linafuata umbo badala ya kufuata ki, yaani ile do ya wimbo. Mtu anayebahatisha hawezi kufanya hivyo!

Halafu msichanganye na ule mfumo wa kupanga nota 12 kwa foleni, huo Schoenberg aliuleta mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kabla ya hapo, zaidi ya miaka kumi, watunzi wa atonali walitunga kwa sikio tu, ndo maana vipande vingi vya kipindi kile ni vifupi mno au vimeegemea mashairi, kama Pierrot lunaire (1912).

Kama ndo unaanza nakushauri Opus 19 (1911), vipande sita vidogo vya piano. Cha pili kinarudiarudia G na B pamoja mpaka unaamini hapo ndo pa kukaa, ila kila nota inayokuja juu yake inakukatalia.