Taa za trela lililoagizwa nje: yanayosemwa gereji na ukweli wake

Anayeagiza trela kutoka Marekani au Ulaya hukagua matairi na chesisi, akaziacha taa kuwa kazi ya nusu saa ya fundi umeme. Hapa Tanga nusu saa hiyo hugeuka siku nzima, na chanzo mara nyingi ni imani chache ambazo hakuna aliyewahi kuzihoji.

Dhana: ukiunga rangi kwa rangi, kazi imekwisha.

Rangi hufuata desturi ya nchi ilikotengenezwa. Kwenye trela la Marekani lenye plagi bapa ya nyaya 4, nyeupe ni ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye betri, kahawia ni taa ndogo za nyuma, njano ni indiketa ya kushoto na kijani ni ya kulia. Kwenye plagi ya mviringo ya Ulaya yenye pini 7, kahawia ni taa ndogo ya kulia peke yake, ya kushoto hupewa nyeusi, na breki hupewa nyekundu. Ukiingia ndani ya gari la Kijerumani, kahawia hiyohiyo ni ethi, ilhali kwenye Toyota ethi huwa nyeupe yenye mstari mweusi. Fundi makini hulitenga kwanza trela na gari, akachukua betri ya volti 12 na waya wenye fyuzi, akafunga hasi kwenye ethi ya trela, kisha akagusisha chanya kwenye waya mmoja mmoja huku akiandika kilichowaka.

Dhana: trela la Marekani limesahauliwa waya wa breki.

Halikusahauliwa chochote. Trela hilo hutumia balbu moja nyekundu kila upande kwa kazi mbili: ikiwaka mfululizo ni breki, ikimetameta ni indiketa. Magari yetu mengi yametoka Japani, ambako breki ina balbu yake na indiketa ina yake, na hapo ndipo lugha zinapopishana. Niliwahi kuletewa pikapu ambayo waya wake wa breki ulikuwa umegawanywa na kusokotwa pamoja na nyaya zote mbili za indiketa. Mguu ulipogusa pedeli, mishale yote miwili ya dashibodi iliwaka. Indiketa ya kushoto ilipowashwa, pande zote zilimetameta kama hazadi, yaani taa za tahadhari, kwa kuwa kushoto na kulia vilikwisha kuwa kitu kimoja. Dawa yake ni kifaa cha kugeuza, kinachopokea nyaya 3 za gari, yaani breki, kushoto na kulia, kikatoa 2 za trela bila kuruhusu umeme kurudi garini. Mimi hupendelea zaidi kufunga indiketa mbili za rangi ya chungwa na kuziachia nyekundu kazi ya breki, ingawa waya huongezeka, kwa sababu dereva aliye nyuma hana la kubahatisha.

Dhana: ethi haina haja ya waya, chuma kimeshagusana na chuma.

Kichwa kinachoshika trela kimejaa grisi, na upepo wa bahari haukiachi bila kutu. Tukichukua trela lenye taa zilizotenganishwa, balbu mbili za breki za wati 21, indiketa moja ya wati 21 na taa ndogo mbili za wati 5 zikiwaka pamoja hurudisha takriban ampea 6 kupitia ethi, ilhali waya wa breki hubeba ampea 3.5 tu. Kwa hiyo ethi ndiyo inayostahili waya mnene kuliko zote. Ikidhoofika, umeme hupita kwenye balbu za jirani: unakanyaga breki, taa ndogo zinafifia na indiketa inawaka hafifu. Wengi hubadilisha balbu tatu kabla ya kukumbuka kukwangua kutu pale ethi ilipofungwa.

Dhana: balbu ni balbu.

Balbu ya volti 24 iliyotoka kwenye trela la lori itawaka kwa wekundu hafifu nyuma ya gari la volti 12, na ya volti 12 ikipewa 24 huungua papo hapo.

Dhana: taa zisizoingiza maji hazihitaji kuchomolewa.

Hili ni la wenye boti wanaozishusha majini kwa trela huko Raskazone, hapa Tanga. Dereva amekanyaga breki njia nzima ya mteremko, balbu zimepata joto kali, na mpira wa taa umezeeka. Maji ya chumvi yakipenya, kioo cha balbu hupasuka. Plagi ichomolewe garini, taa zipoe kwa dakika chache, ndipo trela lirudishwe nyuma majini.