Ratili 160 za upinde wa vita zinatuambia nini?

Tarehe 19 Julai 1545 meli ya kivita ya Mfalme Henry VIII wa Uingereza, Mary Rose, ilizama karibu na Portsmouth ikiwa na silaha zake zote. Kutoka katika mabaki hayo, yaliyoibuliwa mwaka 1982, zilipatikana pinde nzima zaidi ya 130, nyingi zikiwa na urefu wa mita mbili hivi, pamoja na mishale kwa maelfu. Hadi wakati huo, ubishi juu ya nguvu ya upinde mrefu wa Waingereza ulitegemea masimulizi ya vita vya Crécy (1346) na Agincourt (1415) dhidi ya Wafaransa. Sasa wataalamu wakawa na mti wa kuushika na kuupima.

Lakini mti uliolala majini miaka 437 umelegea. Ukiuvuta leo haukupi nguvu yake ya zamani. Ikabidi kupima urefu na unene wa kila upinde, kupiga hesabu, kisha kuchonga nakala. Makadirio ya uzito wa kuvuta yakaangukia kati ya ratili (pauni) 100 na 185. Chukua upinde wa ratili 160, yaani kilo 72 na ushei. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Mpiga mishale alivuta uzito unaoupita mfuko huo kwa vidole tu, akafyatua, akavuta tena.

Watu wengi huishia hapo, na ndipo makosa yanapoanzia. Ratili ni kani ya mwisho wa mvuto, mahali pamoja tu. Upinde uleule ukivutwa inchi 28 si sawa na ukivutwa inchi 30, kwa hiyo anayetaja ratili bila kutaja inchi hajakuambia kitu. Kipimo cha haki huanza kwa kuulaza upinde juu ya kigingi imara, kutia mizani ya ndoano kwenye upote (kamba ya upinde), na kuuvuta taratibu huku ukiandika uzito wa kila inchi. Ukichora namba hizo, eneo lililo chini ya mstari ndilo nishati iliyowekwa akiba ndani ya mti.

Tufanye hesabu hiyo kwa mkato. Upote uliotulia huwa umbali wa inchi 6 hivi kutoka kwenye mti. Ukivutwa hadi inchi 30, umesafiri inchi 24, sawa na sentimita 61. Ratili 160 ni takriban nyutoni 712, nyutoni ikiwa kipimo cha kani. Kwa kuwa kani huanzia sifuri na kupanda hadi hapo, chukua nusu yake, uzidishe kwa umbali, unapata nishati ya karibu jouli 217. Sasa tazama upande wa mshale: wa gramu 80, unaoruka kwa mita 55 kwa sekunde, hubeba jouli 121. Zilizobaki hutumika kuzirusha mbele mbao za upinde na upote wenyewe, na nyingine huishia katika mtikisiko. Ndiyo maana mtu hakatazwi bure kufyatua upinde usio na mshale: nishati yote hurudi kwenye mti, na mti huweza kupasuka.

Mshale mwepesi hutoka kwa kasi zaidi lakini huondoka na nishati ndogo. Mzito huenda polepole na kuchota sehemu kubwa zaidi ya akiba. Kwa hiyo anayepima nguvu hana budi kuwa na vitu viwili mezani, mizani ya gramu na kipima kasi cha kielektroniki. Ratili peke yake haiwezi kujibu swali la mshale utafanya nini unapofika. Katika majaribio yaliyofanyika Uingereza mwaka 2019 kwa upinde wa ratili 160, bamba la chuma la kifuani lilizuia mishale iliyopigwa kutoka karibu. Mishale ilivunjika na vipande vyake vikaruka pembeni, jambo la hatari kwa shingo na uso usiokingwa.

Shabaha nayo ina hesabu yake, na hii ndiyo inayonivutia kuliko zote. Nishati hukua kwa mraba wa umbali wa mvuto. Mpigaji aliyechoka akipunguza inchi moja tu kati ya zile 24, amepoteza karibu asilimia 8 ya nishati, na umbali wa kuruka hupungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Kwenye mita 200 hiyo ni pungufu ya mita 16! Akikosea digrii moja kushoto au kulia, mshale hupotoka mita tatu na nusu tu. Mishale mingi ya mtu mmoja ikianguka uwanjani, basi, huchora umbo refu kama mtumbwi ulioelekea kwa adui. Kupima shabaha ni kupiga mishale mingi, kutafuta kitovu cha ilipoangukia, kisha kupima mtawanyiko wa mbele na nyuma peke yake na wa pembeni peke yake.

Mshale pia hujipinda unapopita ubavuni mwa upinde, na uliolegea mno au ulio mgumu mno kwa upinde huo hupotoka hata mkono ukiwa mtulivu. Ugumu huo hupimwa kwa kuulaza juu ya vigingi viwili, kuning'iniza uzito katikati, na kuona umebonyea kiasi gani.

Anayezilinganisha pinde hizi na za Olimpiki, ambako duara la alama kumi lina kipenyo cha sentimita 12.2 kwenye mita 70, analinganisha kazi mbili tofauti. Hata Wawaata wa Tsavo nchini Kenya, ambao pinde zao za kuwindia tembo zilizidi ratili 100, walisogea karibu na mnyama mmoja na kutegemea sumu. Mpiga mishale wa Kiingereza alilenga kundi la watu lenye kina, kwa mbali. Sheria ya mwaka 1541 iliwakataza waliozidi miaka 24 kulenga, kwa mishale myepesi, shabaha iliyo ndani ya yadi 220, yaani mita 200 hivi. Umbali huo mshale huumaliza kwa sekunde nne au tano, na kabla haujatua mpigaji amekwisha shika mwingine.