Huyu naye kafinyanga nini? Dhana potofu kuhusu wasanii wapya wa udongo Zanzibar

Msanii chipukizi wa udongo akifungua maonesho hapa Unguja, watu huja. Huzunguka meza, hugusa visivyotakiwa kuguswa, hupiga picha, kisha huanza maneno. Nimewahi kusimama upande wa pili wa meza hizo, nikisaidia kupanga kazi na kuwajibu wageni, na maswali hayabadiliki sana. Mengine yana mapenzi ndani yake, mengine kejeli, na karibu yote yanatoka shina moja: tunadhani mfinyanzi anarudia tu alichokikuta kwa bibi yake, hana analoliamua.

Dhana: Mfinyanzi ni mtu wa vyungu, sanaa ni ya wachoraji

Ukitaja msanii, wengi huwaza picha ya kutundika ukutani. Picha za Tingatinga zilizojaa vichochoro vya Mji Mkongwe zilianza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Sasa nenda Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa, ambako wanaakiolojia wamefukua vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, vya kuanzia karne ya 7 hadi ya 10. Shingo za vyungu vile zimechanjwa pembetatu kwa ncha kali udongo ukiwa bado mbichi, mstari kwa mstari, na pambo la namna hiyo limeonekana katika maeneo mengi ya mwambao wa Afrika Mashariki na mpaka Komoro. Pembetatu haisaidii samaki kuiva. Aliyeichanja alitaka chombo chake kipendeze, na alijua kipi kinapendeza na kipi hakipendezi.

Kuna na Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba mnamo miaka ya 1880, mama yake akiwa mfinyanzi, na yeye ndiye aliyetoka na vyungu kichwani kwenda kuviuza, akivinadi kwa sauti ambayo baadaye ilimfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za taarabu. Mjini walikuwapo waliomcheka kwa ushamba na kwa vyungu vyake. Leo hakuna Mzanzibari asiyejivunia jina lake, lakini vyungu vimebaki palepale tulipoviacha, chini ya karo.

Dhana: Udongo ni bure, bei ya nini?

Hili ndilo linalowaudhi wafinyanzi kuliko yote, na nitalikalia kidogo.

Udongo wa kufaa haupatikani kila unapotia jembe. Upande wa mashariki wa Unguja ni mawe ya matumbawe yenye udongo kiduchu juu yake. Udongo mzito wenye kinamo unapatikana zaidi magharibi, na Pemba yenye vilima na mabonde imejaaliwa zaidi. Ukishauchimba unauloweka, unaukoroga uwe uji, unauchuja, unauacha utuame, unamwaga maji, unauanika mpaka ukandike, kisha unaukanda mpaka usiwe na kipovu hata kimoja cha hewa. Mpaka hapo hujafinyanga kitu. Udongo wenyewe nao hunywea: kutoka ubichi mpaka kutoka motoni unaweza kupoteza asilimia 10 ya ukubwa wake, kwa hiyo anayetaka sahani ya sentimita 27 anaanza na ya sentimita 30.

Halafu kuna ukaushaji. Wakati wa masika chombo kinene kinaweza kukaa wiki nyingi kikionekana kikavu na kumbe moyo wake una maji. Kikiingia motoni hivyo, maji yanageuka mvuke yakifika nyuzi 100, mvuke hauna pa kutokea, na chombo kinapasuka kwa kishindo, mara nyingi pamoja na jirani zake. Wakati wa kusi shida ni nyingine: upande unaopigwa na upepo hukauka kabla ya mwenziwe na kazi nzima hupinda.

Lakini adui mkubwa wa mfinyanzi wa visiwani ni chokaa. Visiwa vyetu vimekaa juu ya matumbawe, na udongo wake mara nyingi una chembe za magamba ya kombe na mawe ya chokaa, ndogo hata jicho halizioni. Wazee waliojenga Mji Mkongwe walijua: ukiyachoma mawe ya matumbawe kwenye tanu unapata chokaa, na chokaa hiyo ikinywa maji hufura na kutoa joto. Jambo hilohilo hutokea ndani ya ukuta wa chungu. Moto ukipanda hadi nyuzi 800 na zaidi, zile chembe zinageuka chokaa hai. Chombo kinatoka motoni kizima, kinalia vizuri ukikigonga, unakiweka rafuni na kuanza kuhesabu fedha. Kisha unyevu wa pwani unaanza kuingia. Siku mbili, wiki, mwezi, na kipande cha ukubwa wa ukucha kinabanduka chenyewe ubavuni. Ukitazama ndani ya kidonda utakuta doa jeupe katikati. Hiyo ndiyo chembe iliyofura.

Binti mmoja wa Pemba ninayemjua alipoteza nusu ya kazi zake namna hii kabla ya maonesho yake ya kwanza. Alikuwa amepata nafasi ya kuchomea kwenye tanuri la kisasa akadhani matatizo yamekwisha. Alipomweleza bibi yake, aliyewahi kufinyanga ujanani, bibi hakushtuka.

"Umeupa moto gani huo udongo?"

"Nyuzi elfu, bibi."

"Sijui nyuzi mie. Sisi tukichoma kwa makumbi na makuti, na kuni kidogo. Moto ukishakuwa mwekundu basi, tunauacha. Wewe umepika chokaa, mjukuu wangu."

Bibi yule hakuwahi kumiliki kipimajoto, na alikuwa sahihi. Moto wa wazi wa makumbi na makuti mara nyingi hukaa kati ya nyuzi 600 na 800, chini ya pale chokaa inapoanza kuleta balaa. Binti sasa ana njia tatu, na kila kazi mpya inamlazimu achague: achuje udongo kwa wavu mwembamba zaidi, achome chini kama bibi, au atumbukize kazi ndani ya maji mara tu inapopoa ili chokaa inywe yote kwa mpigo isipate nafasi ya kufura pole pole. Njia ya tatu huokoa nyingi, ila haiokoi zote.

Kwa hiyo anapokwambia bakuli lile ni shilingi laki na nusu, humo mna na yale yaliyopasuka. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na sisi tumeufanya msemo huo kuwa orodha ya bei.

Dhana: Bila gurudumu na tanuri la umeme, hiyo si kazi ya kisasa

Magdalene Odundo, mfinyanzi, alizaliwa Nairobi mwaka 1950 na anaishi Uingereza, ambako mwaka 2020 alipewa heshima ya kuitwa Dame. Kazi zake ziko katika makumbusho makubwa ya dunia. Hatumii gurudumu. Anaupandisha udongo kwa mkono, anausugua mpaka ung'ae, wala haupaki glezi, ile rangi ya kioo. Akichoma kwa hewa nyingi chombo kinatoka chekundu. Akikichoma tena kwa kuunyima moto hewa, kinatoka cheusi. Na mbinu hizo hakuzipata London peke yake: miaka ya 1970 alikwenda Abuja, Nigeria, akajifunza kwa akina mama wafinyanzi, akiwemo Ladi Kwali, ambaye picha yake imo kwenye noti ya naira 20. Noti, nasema. Sisi wetu hata kwenye stempu sijamwona.

Tanuri la umeme ni chombo kizuri, linakupa moto unaoujua. Lakini kulitegemea peke yake visiwani ni bahati nasibu. Waliokuwapo wanakumbuka Unguja ilivyokaa bila umeme wa gridi miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu ya waya uliopita baharini. Hata leo umeme ukikatika katikati ya kuchoma, glezi iliyokuwa inayeyuka inaganda na malengelenge yake.

Dhana: Chungu kinachovujisha hakikuiva

Hapana. Udongo uliochomwa kwa moto mdogo hubaki na vinyweleo, na hiyo ndiyo kazi yake. Mtungi wa maji unatoa jasho, jasho linapukutishwa na hewa, na maji ndani yanapoa bila friji. Chungu cha kupikia nacho, kwa vinyweleo hivyo na kwa mchanga uliochanganywa udongoni, huvumilia kubadilishiwa joto ghafla kuliko sahani ngumu ya kaure, ambayo ukiiweka juu ya makaa itapasuka mikononi mwako. Ukitaka chombo kisichopitisha maji kabisa, kuna udongo wa kuchomwa nyuzi 1,200 na kuendelea, au kuna glezi. Ni chombo kingine kwa kazi nyingine.

Dhana: Kuonesha vyombo ukutani ni mambo ya Wazungu

Hapa huwa natamani kumshika mtu mkono nimpeleke nyumba za kale za mwambao, Lamu hasa, akaone zidaka: safu juu ya safu ya vishubaka vya chokaa ukutani, vilivyopangwa sahani na mabakuli ya kaure ya Kichina kwa ajili ya kutazamwa tu. Hakuna aliyekuwa akizishusha kulia pilau. Kunduchi, ng'ambo ya pili ya bahari yetu, mabakuli yalipachikwa kwenye makaburi ya nguzo. Watu wetu walikuwa na jicho la chombo, na walijua pa kukiweka kionekane.

Kasoro ya zidaka ni moja, kwamba zilikuwa za vitu vya mbali. Ndipo ilipozaliwa ile fikra ya pili, kuwa kizuri kimekuja na jahazi na cha hapa ni cha jikoni. Vigae vinasema vingine. Unguja Ukuu kumepatikana vyombo vya China na vya Ghuba ya Uajemi vyenye glezi ya samawati na kijani, ni kweli, lakini ni sehemu ndogo ya vigae vyote. Vilivyobaki ni vya hapahapa. Bakuli la mgeni lilikaa pembeni mwa mamia ya vyombo vya wenyeji.

Msanii Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kushinda tuzo ya sanaa ya Turner ya Uingereza mwaka 2017, aliwahi kulichezea jambo hili kwa njia yake. Mwaka 2007, katika mji wa Lancaster, Uingereza, uliotajirika kwa biashara ya utumwa, alionesha vyombo 100 vya mezani, sahani kuukuu na mabakuli ya mitumba, akavichora juu yake nyuso za watumwa weusi na za matajiri wa Kiingereza. Hakufinyanga hata kimoja. Lakini aliona wazi kwamba sahani inabeba maneno, na msanii wetu anayechanja pembetatu za Unguja Ukuu kwenye chetezo chenye umbo ambalo hakuna bibi aliyewahi kulifinyanga yuko katika mazungumzo hayohayo.

Dhana: Ni kazi ya wanawake 

Visiwani imekuwa hivyo kwa muda mrefu. Udongo wenyewe haujali. Vijana wa kiume wapo, na wanavunja vyombo sawasawa na dada zao.

Dhana: Wanaokuja ni watalii tu

Watalii hununua kidogo, nao wana sababu: chombo cha kilo nne hakiingii kwenye begi la ndege. Kinachouzika kwao ni kidogo, chepesi, cha kufungwa kwa gazeti, na hapo kuna mtego. Nimeona msanii mwenye mkono mzuri akigeuka kiwanda cha vikombe vya ukumbusho kwa sababu ndivyo vinavyotoka. Wanunuzi wa kazi kubwa niliowaona mimi walikuwa watu wa hapa: mwenye hoteli, mama aliyejenga nyumba Fuoni akataka kitu cha ukumbini, mwalimu aliyelipa kwa mafungu. Waambie bei bila haya, wao watajipanga.

Dhana: Kikishaitwa sanaa hakitumiki, na kinachong'aa ni salama

Dhana mbili zinazopingana, na mara nyingi anazo mtu mmoja. Bakuli la maonesho linaweza kuliwa wali iwapo msanii alilifinyanga kwa nia hiyo. Swali la kuuliza ni glezi. Glezi ni kioo kilichoyeyukia juu ya udongo, na zamani, na sehemu nyingine mpaka leo, madini ya risasi yalitumika kuifanya iyeyuke mapema na ing'ae sana. Vitu vyenye uchachu huitoa risasi hiyo ikaingia kwenye chakula, nayo ni sumu. Kwa hiyo achari ya embe, ukwaju, siki na maji ya ndimu visilazwe kwenye chombo kinachong'aa usichojua kimepakwa nini. Muulize msanii. Anayejua kazi yake atakwambia glezi kainunua wapi, ina nini, na kaichoma nyuzi ngapi. Asiyejua, nunua chetezo chake, ufukizie udi.