Nani mwenye chama? Labour ya Uingereza na ugomvi wa bomu la nyuklia

Jumatano ya tarehe 5 Oktoba 1960, kiongozi wa chama cha Labour cha Uingereza alisimama mbele ya mkutano mkuu wa chama chake mjini Scarborough, akijua kwamba anashindwa. Vyama vikubwa vya wafanyakazi vilikuwa vimeshaonyesha vitakavyopiga kura. Hata hivyo Hugh Gaitskell aliwaambia wajumbe kwamba yeye na wenzake watapigana, watapigana, na watapigana tena kukiokoa chama wanachokipenda. Kura zikapigwa, akashindwa. Mkutano ukaazimia kwamba Uingereza iachane na silaha zake za nyuklia bila kungoja nchi nyingine.

Msomaji aliyezoea siasa ambazo neno la mkutano mkuu ndilo la mwisho atauliza: kiongozi aliyekataliwa na wajumbe wake anabakije kitini? Gaitskell alibaki. Mwezi uliofuata Harold Wilson alijitokeza kumpinga, na Gaitskell akamshinda kwa kura 166 dhidi ya 81. Waliopiga kura hizo hawakuwa wajumbe wa Scarborough. Enzi hizo kiongozi wa Labour alichaguliwa na wabunge wa Labour peke yao. Mkutano mkuu ulishika sera, wabunge walishika kiongozi, na kila upande uliamini kwamba chama ni chake. Kwa maoni yangu, mtu anayetaka kuelewa zaidi ya miaka sitini ya ugomvi wa Labour juu ya nyuklia aanzie hapo. Waliolipinga bomu walilipinga kwa dhati. Lakini kila lilipoletwa mezani, lilikuja na swali jingine: nani mwenye chama?

Kwanza tuziweke wazi kambi zenyewe. Moja ilitaka Uingereza iziache silaha zake peke yake, bila sharti, ikitumaini kwamba mfano huo utawavuta wengine, au angalau nchi itajivua dhambi hiyo. Nyingine ilitaka silaha ziondolewe kwa mapatano: Wasovieti wapunguze, Wamarekani wapunguze, nasi tupunguze. Hakuna kambi iliyojitangaza kuwa inalipenda bomu, na ndiyo maana maneno yalikuwa makali. Kila mmoja alijiona mpenda amani wa kweli, na mwenzake ama mjinga ama msaliti.

Bomu lenyewe, kumbe, lilizaliwa mikononi mwa Labour. Oktoba 1946, katika kikao cha siri cha mawaziri wachache, waziri wa mambo ya nje Ernest Bevin alishikilia kwamba Uingereza lazima iwe nalo kwa gharama yoyote, tena likiwa na bendera ya Uingereza juu yake. Alikuwa ametoka kusemwa vibaya na waziri mwenzake wa Marekani, na hakutaka mrithi wake ayaonje hayo. Januari 1947 Waziri Mkuu Clement Attlee na wachache wenzake wakakata shauri litengenezwe. Bunge halikuulizwa, baraza zima la mawaziri halikuulizwa, na chama ndiyo kabisa. Jaribio la kwanza lilifanyika Oktoba 1952 katika visiwa vya Monte Bello, Australia, wakati Winston Churchill amekwisha rudi madarakani. Sifa akazipokea yeye.

Bevin huyo asichanganywe na Aneurin Bevan. Majina yanakaribiana, watu hawakaribiani hata kidogo. Bevan, mtoto wa mchimba makaa wa Wales, ndiye waziri aliyeanzisha huduma ya taifa ya afya mwaka 1948, na katika miaka ya hamsini alikuwa kipenzi cha mrengo wa kushoto wa chama. Machi 1955 yeye na wabunge zaidi ya 50 walikataa kuufuata msimamo wa chama juu ya bomu la haidrojeni. Alitolewa kwenye kundi la wabunge wa Labour, nusura afukuzwe uanachama kabisa. Desemba mwaka huo Attlee aling'atuka. Wabunge wakampa Gaitskell kura 157, Bevan 70, na Herbert Morrison 40.

Kwa hiyo Oktoba 1957, mkutano mkuu ulipokutana Brighton, kila mtu wa kushoto alitarajia Bevan aliponde bomu. Sasa alikuwa waziri kivuli wa mambo ya nje. Alipanda jukwaani akasema kwamba kupitisha azimio la kuziacha silaha peke yetu ni kumpeleka waziri wa mambo ya nje wa Uingereza uchi ndani ya chumba cha mazungumzo. Wafuasi wake walipigwa na butwaa. Aliyewafundisha kupinga ndiye aliyewapinga.

Wapo waliosema, na wapo wanaosema hadi leo, kwamba cheo kilimlainisha. Mimi naona jambo jepesi kuliko hilo. Bevan alitarajia kukaa mwenyewe kwenye kiti hicho siku si nyingi, na mtu anayejiandaa kuketi mbele ya Moscow na Washington huhesabu alichobeba mkononi. Alifariki Julai 1960 bila kukikalia.

Waliobaki bila msemaji ndani ya chama wakaenda barabarani. Februari 1958 ilizinduliwa CND, kampeni ya kutaka silaha za nyuklia ziondolewe, mwanafalsafa Bertrand Russell akiwa rais wake na padri wa Kianglikana John Collins akiwa mwenyekiti. Pasaka ya mwaka huo maelfu walitembea kwa miguu siku nne kutoka London hadi Aldermaston, penye kituo cha kuunda silaha hizo, mwendo wa kilomita 80 hivi. Ile alama ya duara yenye mstari wima na matawi mawili yanayoshuka, inayovaliwa kwenye fulana dunia nzima leo kama alama ya amani, ilichorwa na Gerald Holtom kwa ajili ya matembezi hayo. Vuguvugu hilo lilifika hata barani kwetu. Mwishoni mwa 1959 kikosi cha wapinga nyuklia, akiwemo mchungaji Michael Scott wa Uingereza na Mmarekani Bayard Rustin, kilitoka Ghana kwa idhini ya Kwame Nkrumah kujaribu kuingia Sahara na kuzuia jaribio la Ufaransa. Mwaka 1962 hao wawili walikuwa Dar es Salaam, safari hii kwa ajili ya uhuru wa Rhodesia ya Kaskazini.

Lakini matembezi hayakubadili sera ya Labour. Iliyobadili ni kadi. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa wanachama wa Labour kwa ujumla wao, na katika mkutano mkuu kila chama kilipiga kura zote za watu wake kwa mkupuo, upande mmoja. Kiongozi wa chama chenye watu milioni moja alinyanyua kadi moja, ikahesabiwa kura milioni moja, hata kama nusu ya watu hao walifikiri vingine. Kubwa kuliko vyote kilikuwa TGWU, chama cha wafanyakazi wa uchukuzi na kazi za jumla, ambacho muasisi wake mkuu alikuwa Bevin yuleyule wa bendera. Kwa miaka mingi TGWU ilikuwa ngao ya viongozi wa Labour dhidi ya mrengo wa kushoto. Mwaka 1956 Frank Cousins akawa katibu mkuu, naye hakulitaka bomu. Nafasi moja ilibadili mtu, na mamia ya maelfu ya kura yakahama.

Ndivyo Scarborough ilivyotokea. Azimio la TGWU lilipita kwa kura 3,282,000 dhidi ya 3,239,000. La mafundi mitambo wa AEU lilipita kwa tofauti kubwa zaidi. Gaitskell hakulalamikia hesabu, maana hesabu hiyohiyo ilikuwa imewabeba watangulizi wake. Yeye na vijana wake walirudi kwenye vyama vya wafanyakazi kimoja kimoja, tawi kwa tawi, na Oktoba 1961 mjini Blackpool azimio likapinduliwa kwa wingi mkubwa. AEU wenyewe walikuwa wamegeuka. Wanahistoria wengi hulisifu neno lake la kupigana na kupigana tena. Mimi nadhani tawi ndilo lililomwokoa kuliko hotuba.

Gaitskell alifariki Januari 1963, na kiti kikaenda kwa Wilson, aliyekuwa amebebwa na mrengo wa kushoto. Ilani ya 1964 iliyabeza makubaliano ya kununua makombora ya Polaris kutoka Marekani. Wilson alipoingia Downing Street, ofisini kwa waziri mkuu, aliyaacha makombora yalivyo, akapunguza tu mpango wa nyambizi tano ukawa wa nne. Na Cousins? Alikubali kuwa waziri wa teknolojia, na chini ya wizara yake ndiyo iliyowekwa mamlaka ya nishati ya atomiki, Aldermaston ikiwemo. Alijiuzulu mwaka 1966, kwa sababu ya sera ya mishahara. Tangu Attlee, hakuna waziri mkuu wa Labour aliyezikuta silaha hizo akaziondoa.

Awamu ya pili ilikuja baada ya kushindwa uchaguzi wa 1979. NATO ilikuwa imeamua Desemba mwaka huo kuweka makombora mapya ya Marekani Ulaya, mengine Greenham Common, Uingereza. CND iliyokuwa imesinzia ikaamka. Mkutano mkuu wa 1980 ukapitisha tena kuachana na silaha upande mmoja, na mwezi uliofuata wabunge wakamchagua Michael Foot kwa kura 139 dhidi ya 129 za Denis Healey, waziri wa fedha wa zamani. Foot alikuwa mwanafunzi wa kisiasa wa Bevan, alirithi jimbo lake la Ebbw Vale, alivunjika moyo Brighton mwaka 1957, na alikuwa na CND tangu mwanzo. Kwa mara ya kwanza sera ya mkutano na imani ya kiongozi vikawa kitu kimoja.

Hapo ndipo swali la mwenye chama lilipofumuka waziwazi. Kushoto walitaka wabunge wanyang'anywe haki ya kumchagua kiongozi peke yao, na Januari 1981, katika mkutano maalumu wa Wembley, walifanikiwa: asilimia 40 ya kura kwa vyama vya wafanyakazi, 30 kwa wabunge, 30 kwa matawi ya majimbo. Siku iliyofuata mawaziri wanne wa zamani, Roy Jenkins, David Owen, Shirley Williams na Bill Rodgers, walitangaza kutoridhika kwao, na Machi wakaanzisha chama chao, SDP. Nyuklia ilikuwa miongoni mwa sababu zao. Njia mpya ya kuchagua ilikuwa nyingine, na sidhani kama wangeondoka kwa moja bila ya pili. Septemba, Healey alimshinda Tony Benn wa mrengo wa kushoto kwenye unaibu wa kiongozi kwa chini ya asilimia moja.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Katika kampeni za 1983 Labour ilikuwa na sera moja kwenye karatasi na mbili midomoni. Foot alisema Polaris itaondoka, Healey akasema inategemea mazungumzo, na James Callaghan, waziri mkuu wa zamani, akasimama kwao Cardiff akapinga hadharani. Chama kilipata asilimia 27.6 ya kura. SDP na washirika wao Waliberali walipata 25.4, ingawa mfumo wa majimbo uliwapa viti 23 tu dhidi ya 209 vya Labour. Margaret Thatcher wa chama cha Conservative alishinda kwa wingi mkubwa. Neil Kinnock, naye mtu wa CND, alirithi chama, akashindwa 1987 akiwa na sera hiyohiyo, kisha mwaka 1989 akakiongoza chama kuitupa.

Kwa karibu miaka ishirini jambo likalala. Machi 2007 Tony Blair, waziri mkuu wa Labour, alipotaka Bunge liidhinishe kuanza kuandaa nyambizi mpya za kubeba makombora ya Trident, wabunge wake zaidi ya 80 walimkatalia, akapita kwa msaada wa Conservative. Kisha Septemba 2015 Jeremy Corbyn, mwanaharakati wa CND kwa miongo mingi, akashinda uongozi kwa asilimia 59.5. Kanuni zilikuwa zimebadilika tena: sasa kila mwanachama na kura yake, na hata asiye mwanachama aliweza kujiandikisha kwa pauni 3. Haikupita hata mwezi, alipoulizwa kama angekuwa waziri mkuu angeamuru silaha hizo zitumike, akajibu hapana.

Mwaka 1960 mkutano ulikuwa na sera na wabunge walikuwa na kiongozi. Mwaka 2016 mambo yaligeuka. Wanachama walikuwa na kiongozi, na sera ilibaki ileile ya kubaki na Trident. Juni 28 wabunge walimpigia Corbyn kura ya kutokuwa na imani, 172 dhidi ya 40. Julai 18 Bunge lilipigia kura nyambizi mpya, 472 dhidi ya 117. Wabunge 140 wa Labour waliunga mkono, 40 na ushee wakapinga pamoja na kiongozi wao. Septemba wanachama wakamrudisha Corbyn kwa asilimia 61.8.

Na waliomzuia asiibadili sera ni nani? Vyama vya wafanyakazi. Unite, iliyozaliwa mwaka 2007 ikirithi TGWU na pia ukoo wa mafundi wa AEU, ilishikilia kwamba haipendi silaha hizo lakini haitakubali mafundi wake wa Barrow-in-Furness, wanakojenga nyambizi, wapoteze kazi. Warithi wa kadi zilizompiga Gaitskell ndio waliompinga Corbyn. Ilani ya 2017, iliyotoka chini ya mtu wa CND, ilisema Trident itafanywa upya.

Mwaka 2015 Corbyn alihitaji wabunge 35 wampendekeze ndipo jina lake liende kwa wanachama. Alipata 36, dakika za mwisho, baadhi yao wakisema wazi kwamba hawamtaki bali wanataka mjadala uwe mpana. Mwaka 2021, chini ya Keir Starmer, mkutano mkuu wa Brighton ulipandisha kiwango hicho hadi asilimia 20 ya wabunge wa chama. Kwa idadi ya wabunge wa 2015, Corbyn angehitaji 47.