Kwa nini Ruaha Mkuu hukauka hata mvua ikinyesha vizuri

Ukiitazama ramani ya Bonde la Rufiji, nchini Tanzania, utadhani tawimto la Ruaha Mkuu ndilo linaloubeba mto Rufiji mzima, kwa kuwa kidakio chake (eneo la ardhi linalokusanya maji yake) ni karibu nusu ya bonde. Kumbe mchango wake ni kama asilimia 15 tu ya maji ya Rufiji. Kilombero, tawimto jingine lenye eneo lisilofika nusu ya hilo, huleta zaidi ya asilimia 60.

Tofauti hiyo huanzia angani. Ruaha Mkuu una msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe haigawanyiki sawa. Milima ya Uporoto na Kipengere hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, ilhali uwanda wa Usangu, chini yake tu, hupata milimita 700 hivi au pungufu. Jua la huko lina nguvu ya kuvukiza zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Kwa hiyo Usangu huishi kwa maji ya milimani, yanayoletwa na mito kama Mbarali, Kimani na Chimala.

Maji hayo huingia kwenye ardhioevu ya Ihefu, na hapa ndipo penye siri. Ihefu ni kama beseni, na ukingo wake ni mwamba wa Ng'iriama. Kina kikishuka chini ya mwamba, mto unakatika, hata kama beseni bado lina maji. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, hali hiyo imekuwa ikijirudia kila kiangazi, na viboko wa Hifadhi ya Ruaha hubanana kwenye madimbwi.

Wakulima wa mpunga hulaumiwa sana. Kwa maoni yangu, lawama za masika zimetiwa chumvi, maana wakati huo maji ni tele. Tatizo ni mabanio, yaani milango ya kuchepushia maji ya mto mashambani, yanayoachwa wazi Septemba na Oktoba, mavuno yakiwa yamekwisha. Mto ukiwa mwembamba, lita chache zinazopotelea kwenye mfereji usio na zao zina uzito mkubwa. (Bwawa la Mtera, lililo mbele kwenye mto huohuo, ni hesabu nyingine: hujazwa na mafuriko ya masika, si na vijito vya Oktoba.)

Mvua mpya nazo hazifiki hifadhini papo hapo. Sharti kwanza zilijaze beseni hadi kwenye mwamba, na kazi hiyo huweza kuchukua wiki kadhaa.